Koti la Kitani Ofisini: Mwongozo Kamili wa Kulivaa Bila Kuonekana Umelala Nalo

Kila joto la Desemba linapoanza kuikaba Dar es Salaam, kilio ni kile kile. Mtu amenunua koti jepesi la kitani (wauzaji wengi huliita la lineni), amelivaa Jumatatu asubuhi, na akishuka kwenye basi la mwendokasi pale Kivukoni yuko kama karatasi iliyofinyangwa. Jumanne anarudi kwenye koti lake la poliesta, jasho linamchuruzika mgongoni, na la kitani linabaki kabatini hadi apatikane ndugu wa kupewa.

Nimeyakagua makoti mengi ya namna hiyo. Mara nyingi koti halina kosa. Mwenye koti ndiye aliyepigana na mikunjo wakati alitakiwa kuipangia mahali pa kukaa.

Uzi wa kitani haunyumbuki. Ukishakunjwa, unabaki ulivyokunjwa, na hakuna pasi itakayoubadilisha tabia. Unachoweza kuamua ni mikunjo ikae wapi. Viwiko na mgongo viachie vikunjane vitakavyo. Kola, mabega na ukingo wa mbele, yaani pale penye vifungo, ndivyo vya kulinda. Koti lenye kola iliyosimama na viwiko vilivyokunjamana, watu wanaona kitani. Lenye kola iliyolegea, watu wanaona mtu aliyechelewa kuamka.

Hatua zote hapa chini zinalenga jambo hilo moja. Nimeziandika kwa mtu anayeishi hali mbili za hewa kwa siku moja: njiani nyuzijoto 32 na unyevu, ofisini kiyoyozi kimewekwa 18. Wa Tanga, Mombasa na Zanzibar wasibadilishe kitu. Wa Arusha na Nairobi wanaweza kuiruka sehemu ya safari miezi ya baridi, maana wao watalivaa tangu mlangoni.

## Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Koti moja lisilo na bitana nzima (kitambaa cha pili kinachofunika ndani yote), au kitambaa cha kulishonea. Upana wa kitambaa ukiwa sentimita 150, mita 2 hadi 2.5 zinatosha koti la kufika nyonga.
- Pasi inayopata moto wa kutosha. Ya mvuke ni nzuri, si lazima.
- Chupa ya kupulizia maji. Hata ile ya zamani ya dawa ya kusafishia vioo inafaa, ukiisuuza vizuri.
- Kitambaa cheupe cha pamba cha kutandaza juu ya nguo wakati wa kupiga pasi. Kipande cha shuka kuukuu ndicho bora.
- Henga mbili pana za mabegani, moja ya nyumbani na moja ya kuishi ofisini. Za waya usizihesabu.
- Futi ya fundi.
- Mfuko wa kitambaa wa kubebea koti.
- Kioo kinachokuonyesha kuanzia kichwani hadi miguuni. Cha bafuni kitakudanganya.

Kanji kidogo, kama unapenda. Nitaeleza mbele inatumika wapi na wapi isiguse.

## Hatua ya 1: Hakikisha ni kitani kweli

Vitambaa vingi nilivyoonyeshwa Kariakoo kwa jina la lineni vilikuwa poliesta iliyofumwa ikapewa sura ya kitani. Havikunji sana, ni kweli, lakini havinyonyi jasho, na faida yote ya kuhangaika na koti hili ni hiyo moja.

Kwenye mitumba anza na lebo ya ndani. Nguo nyingine zimetoka Ulaya, kwa hiyo tafuta neno *linen*, *lin* ya Kifaransa, *lino* ya Kiitaliano au *Leinen* ya Kijerumani, pamoja na asilimia yake. Lebo inayodai sura ya kitani bila kutaja asilimia, iache.

Lebo ikiwa imekatwa, fanya majaribio haya kwa mpangilio.

Macho. Kitani ni nyuzi za shina la mmea, na shina halitoi uzi ulio sawa mwanzo mwisho. Utaona vinundu vidogo, mahali uzi umenenepa na mahali umekonda, bila mpango. Vinundu vikijirudia kwa umbali ule ule, hiyo ni kazi ya mashine ya kuigiza.

Ngumi. Finya kona ya koti kwa nguvu, hesabu hadi kumi, achia. Kitani kitabaki na alama kali. Kisipobaki nayo, ni mchanganyiko au si chenyewe.

Tone la maji. Kwenye kitani kilichokwishafuliwa, tone huzama mara moja na kusambaa. Kwenye poliesta hukaa juu kidogo kama linafikiri. Kitambaa kipya kilichopakwa dawa ya kiwandani kinaweza kukuchanganya hapa, ndiyo maana kuna jaribio la mwisho.

Moto. Chomoa nyuzi mbili kwenye ziada ya mshono wa ndani, mmoja wa urefu wa kitambaa na mwingine wa upana, kwa sababu vitambaa vya kuchanganya mara nyingine huwekewa uzi tofauti kila upande. Washa kila mmoja peke yake juu ya sahani ya bati. Kitani huungua kwa harufu ya karatasi na kuacha majivu laini ya kijivu. Poliesta huyeyuka na kuganda kuwa kishanga kigumu cheusi. Fanya nyumbani, si mbele ya muuzaji. Akikuona na kiberiti kwenye rundo lake hamtaelewana.

Viskosi, uzi wa kiwandani unaotokana na mbao, nayo huungua kama karatasi. Ukiwa na shaka, lowesha uzi kisha uvute. Wa viskosi hukatika kirahisi ukiwa na maji, wa kitani huwa imara zaidi kuliko ulipokuwa mkavu.

Mchanganyiko wa kitani na pamba haunipi tabu. Unakunja kidogo, unapumua vizuri, na kwa mtu anayeanza naona ni afadhali.

Utajua umefaulu uzi ukiacha majivu pande zote mbili na tone likizama.

## Hatua ya 2: Pima uzito kwa mkono wako

Kitani huuzwa kwa gramu kwa kila mita ya mraba. Cha gramu 120 ni cha shati, ukikifanya koti kitaning'inia. Kuanzia 150 hadi 190 ndipo koti jepesi linapokaa. Kikizidi 220 koti linaanza kuwa zito.

Dukani hakuna atakayekutajia gramu, kwa hiyo tumia mkono. Ingiza kiganja chini ya kitambaa, simama kwenye mwanga. Ukiona kivuli cha vidole tu, chukua. Ukiweza kutofautisha kucha na ngozi, ni chepesi mno kwa kazi. Kwa mtumishi wa umma wa Tanzania hilo si suala la kupenda au kutopenda: waraka wa mavazi ya watumishi hauruhusu nguo inayoonyesha maungo.

## Hatua ya 3: Umbo, na mazungumzo na fundi

Hapa ndipo makoti mengi yanapofia, kwa hiyo tusikimbie.

Bega. Mshono wa bega uishie pale mfupa wako wa bega unapoishia. Ukizidi hata sentimita mbili, kitani hakina ugumu wa kujishikilia, kitadondoka na kukupa bega la mtu anayenyeshewa. Bega ni sehemu ngumu kurekebisha. Kiuno, urefu na mikono fundi atavirudisha, lakini bega likikosewa kwenye mtumba lirudishe kwenye rundo, hata kama ni la bei ya soda.

Kifua. Pima mzunguko wa kifua ukiwa umevaa blauzi au shati la kuvalia koti, kisha ongeza sentimita 8 hadi 10. Kitani hakivutiki, na usipoacha nafasi hiyo, mshono wa mgongoni ndio utakaolipa deni.

Mkono. Mkono wa kitani hufupika ukiwa umevaliwa, maana mikunjo ya kiwiko huuvuta juu. Mwambie fundi aongeze sentimita 1.5 hadi 2 kwenye kipimo chako cha kawaida. Asubuhi mbele ya kioo utauona mrefu kidogo. Saa nne utakuwa sawasawa.

Urefu. Koti liishie kwenye nyonga au lipite makalio kabisa. Likiishia katikati ya makalio, linakunja mstari mmoja mkali kila unapokaa, na mstari huo ndio kila mtu nyuma yako kwenye lifti anausoma.

Ndani. Bitana nzima ya poliesta inaua faida yote. Omba bitana nusu ya pamba nyepesi: mabegani na juu ya mgongo basi, na mikononi kama unavaa blauzi za mikono mirefu. Kwa kuwa ndani kutaonekana ukilivua, mishono imaliziwe kwa utepe uliokatwa mshazari, au angalau ipigwe overloki safi. Kwenye kola na ukingo wa mbele fundi aweke kile kitambaa chenye gundi kinachoshikwa na pasi, lakini chepesi. Kile kigumu cha kola za sare za shule kitakupa kola inayosimama kama bati huku koti lote limelala.

Sasa jambo ambalo fundi hatalipenda. Kabla ya mkasi, kitambaa kilale majini.

Kitani kibichi hurudi kikifuliwa mara ya kwanza, mara nyingi kati ya asilimia 3 na 10. Koti langu la kwanza nilimpa fundi kitambaa moja kwa moja kutoka dukani. Nilipomuuliza kuhusu maji aliniambia, "Dada yangu, hiki hakirudi, mimi nakijua." Nilimwamini kwa sababu nilikuwa na haraka. Baada ya kufua mara moja, mikono ilipanda sentimita tatu na ushee juu ya kifundo, na kwa kuwa ziada ya mshono ilikuwa imekatwa, haikuwezekana kushusha kitu. Nikalivaa mwaka mzima mikono imekunjwa, watu wakidhani ndiyo staili yangu.

Siku hizi simuulizi fundi. Nakiloweka mwenyewe usiku mmoja kwenye maji ya vuguvugu, nakianika bila kukikamua, nakipiga pasi, ndipo nakipeleka. Fundi akiona kimeshapigwa pasi hana la kubishana.

Jaribio la kufaulu: vaa, funga kifungo, kunja mikono kifuani kama mtu aliyekasirika. Kisha inua mkono juu kama umeshika bomba la daladala. Kisha kaa. Mgongo ukikuvuta mahali popote, rudisha kabla hujalipa kilichobaki.

## Hatua ya 4: Rangi

Fupi. Kwa koti la kwanza chagua rangi ya mchanga, kijivu, ugoro au bluu iliyoiva.

Nyeupe ni nzuri sana hadi unapopanda bodaboda. Nyeusi ya kitani huchuja haraka kwenye mikunjo na kingo, na ndani ya miezi michache inakuwa nyeusi ya mtu mwenye dhiki. Kama kazi yako inadai rangi nzito, bluu iliyoiva inavumilia zaidi.

Usijaribu kulinganisha koti la mchanga na suruali ya mchanga ya kitambaa kingine. Tofauti ndogo ya rangi huonekana kama kosa. Aidha vyote vikatwe kwenye kitambaa kimoja siku moja, au vitofautiane waziwazi.

## Hatua ya 5: Nguo ya kuvaa ndani ya koti

Kitani hakitelezi. Ukikivalia juu ya kitani kingine au pamba yenye manyoya manyoya, nguo mbili zinashikana, zinapanda pamoja, na mikunjo inazaliana. Ndani vaa kitu laini kilichotulia: blauzi ya krepu, shati la pamba iliyofumwa kwa kubana, au fulana nzito isiyo na maandishi.

Kuna mchanganyiko ambao naona tumebarikiwa nao na wala hatuutumii vya kutosha: gauni la kitenge lisilo na mikono, na juu yake koti la kitani lisilo na nakshi. Kitenge kinabeba rangi, koti linaleta ofisi. Sharti ni nakshi moja tu mwilini, basi. Rangi ya koti itolewe ndani ya kitenge chenyewe, na ichukuliwe rangi ndogo, ile iliyo kwenye mistari au vidoa, si ile inayotawala.

Kola iwe moja. Koti lina kola, basi blauzi iwe ya shingo wazi au ya duara. Wanaume wanaovaa shati lenye kola ndani, kola ya shati ilale chini ya ile ya koti pande zote mbili. Ikichomoza upande mmoja, mkutano mzima watakutazama shingo.

Kwa wavaao hijabu, mtandio mwepesi wa pamba au shifoni, ncha zake ziingizwe ndani ya koti ili mstari wa kola uonekane. Pini zishike mtandio kwa mtandio, zisipite kwenye kitani. Ufumaji wake umeachana kidogo, na kila pini inaacha tundu linalokaa kwa muda.

Kitambulisho cha kazi kivaliwe kwa kamba shingoni. Kile cha kubana kwenye kola kinaivuta kola chini siku nzima, na kola ndiyo tunayoilinda.

## Hatua ya 6: Pasi, sehemu inayokosewa na karibu kila mtu

Kosa kubwa ni kupiga pasi kitani kikavu. Utasukuma hadi mkono uume, na mikunjo itabaki inakutazama. Kitani hulainika kikiwa na unyevu na moto kwa pamoja. Kimoja bila kingine hakitoshi.

Fuata hivi:

1. Pulizia koti lote maji, nje na ndani, hadi liwe na unyevunyevu bila kudondosha.
2. Livingirishe ndani ya taulo na uliache dakika 15. Hapa maji yanasambaa sawa. Ukiruka hatua hii utapata mabaka, pengine palipolainika, pengine pakavu.
3. Weka pasi kwenye moto wa juu, ule wa kitani wenye alama ya vitone vitatu. Kama koti ni mchanganyiko wenye poliesta, usifanye hivyo. Fuata moto wa nyuzi iliyo dhaifu, la sivyo utaondoka na koti lenye umbo la pasi mgongoni.
4. Geuza ndani nje. Ukipiga nje moja kwa moja, hasa rangi nzito, unaacha mng'ao kama wa kiti cha basi. Palipo na lazima ya kupiga nje, tandaza kile kipande cha shuka.
5. Anza na kola, chini yake kwanza kisha juu, kutoka ncha kuelekea katikati.
6. Mabega.
7. Mikono. Usiipe mstari. Ingiza taulo lililovingirishwa ndani ya mkono na upige kuzunguka. Mstari mkali uliopigwa mahali pale pale kila wiki hukata nyuzi, na baada ya mwaka koti litachanika hapo hapo kama karatasi ya kuchana.
8. Ukingo wa mbele, kwa kubonyeza. Usiburute, utauvuta uwe na mawimbi.
9. Mgongo mwisho, na kwa haraka. Utauegemea kitini hata hivyo.

Kisha, na hili ndilo watu wanaloliruka: litundike dakika 10 hadi 15 kabla ya kulivaa. Kitani chenye joto na unyevu uliobaki bado ni laini, na ukikivaa saa hiyo hiyo kitaigandisha kila kona ya mwili wako. Anayepiga pasi saa 12 kasoro dakika tano na kutoka saa 12 kamili anafanya kazi bure.

Kwa sababu hiyo nashauri Jumapili jioni. Umeme ukikatika Jumatatu alfajiri, koti lako limeshapoa kabatini. Kwa pasi ya mkaa inawezekana kabisa, mama yangu alipiga suruali za kitani kwayo, lakini futa tako lake kila mara, na kitambaa cha kutandaza ni lazima. Chembe moja ya jivu kwenye kitani chenye maji ni doa.

Kanji: pakaa nyembamba kwenye kola na ukingo wa mbele tu. Ukilitia koti zima, mikunjo ya viwiko itakuwa migumu na itavunja nyuzi badala ya kuzikunja.

Utajua umefaulu ukilining'iniza na kola ikasimama yenyewe bila kushikwa, na ukingo wa mbele ukashuka mstari mmoja hadi chini.

## Hatua ya 7: Njiani, usilivae

Jua, jasho, kubanana na mkoba begani vinalimaliza koti kabla hujafika. Libebe.

Si kwa kulikunja mara nne kama shuka. Shika mabega yote mawili, pindua bega moja ndani nje, kisha liingize bega lingine ndani ya lile lililopinduliwa, ili bitana ibaki nje na kola ilale katikati. Likunje mara moja tu kwa urefu, livingirishe kwa ulegevu, liingize kwenye mfuko wa kitambaa. Juu ya kila kitu, chakula cha mchana kikiwa chini yake au, bora zaidi, kwenye mfuko mwingine kabisa.

Wenye magari nao wana kosa lao. Kulivaa huku umefunga mkanda kunaacha mstari wa mshazari kutoka begani hadi nyonga, na mstari huo hautoki hadi jioni. Litundike nyuma.

Masika na vuli weka mfuko wa plastiki nje ya ule wa kitambaa. Kitani hukauka haraka, lakini matone ya mvua kwenye koti lililopigwa pasi huacha madoa ya duara hadi ulipige upya.

## Hatua ya 8: Ofisini

Fika, nawa uso, poa dakika tano, ndipo ulivae. Ukilivaa ukiwa bado unatoka jasho, mgongo utakunjana ukiwa umelowa, na hiyo ni mikunjo ya siku nzima.

Mkunjo mbaya ukijitokeza kwenye ukingo wa mbele, lowesha viganja, pitisha juu yake kuelekea chini mara tatu nne, tundika koti dakika kumi. Ni pasi ya dharura, na inafanya kazi kuliko watu wanavyodhani.

Ukisimama, funga kifungo kimoja. Ukikaa, fungua. Mikono ukitaka kuikunja, kunja mara mbili pana, uishie chini kidogo ya kiwiko. Ikipita kiwiko, unaonekana unakwenda kuosha vyombo.

Ukitoka kwa chakula cha mchana, koti libaki kwenye henga. Si kwenye mgongo wa kiti, kwa sababu mabega ya koti yatachukua umbo la kiti.

Kuhusu kiyoyozi niseme wazi: koti jepesi la kitani halileti joto kubwa. Linakata ule upepo wa moja kwa moja, basi. Kama meza yako iko chini ya tundu lenyewe na mwenye rimoti ni mtu wa joto, vaa blauzi ya mikono mirefu ndani, au omba kuhamishwa meza. Vita vya rimoti sijawahi kuona mtu akivishinda kwa nguo.

Kuna siku za kuliacha nyumbani. Wakili mahakamani, usaili wa kazi ya benki, mazungumzo na watu ambao hawajawahi kukuona: mikunjo ya kitani, hata ile iliyopangwa, bado inasomwa vibaya na wengine. Siku hizo rudi kwenye koti lako la zamani bila aibu.

## Hatua ya 9: Kufua na kutunza

Litundike mahali penye hewa kila jioni, usilirudishe kabatini likiwa na unyevu wa kwapa. Lifue baada ya kulivaa mara tatu hadi tano, mapema zaidi wakati wa joto kali, kwa kuwa jasho likikaa linaacha rangi ya njano.

Maji ya vuguvugu, sabuni ya kawaida, bila jiki. Klorini hudhoofisha nyuzi, na kwenye rangi ya mchanga inaacha mabaka. Usilisokote kulikamua, lifinye kwa taulo. Likung'ute kwa nguvu mara mbili, litundike kwenye henga pana kivulini, vuta kola na kingo kwa vidole zikae sawa, na ulishushe likiwa na unyevu bado. Hapo umeokoa dakika 15 za taulo, unakwenda moja kwa moja kwenye pasi.

Ukilipeleka kwa dobi, mwambie mambo mawili: moto juu, na mikono isipigwe mstari. Likirudi ndani ya plastiki, litoe siku hiyo hiyo. Kwa unyevu wa pwani, plastiki na kabati lililofungwa ni shamba la ukungu, na madoa meusi ya ukungu kwenye kitani ni machache sana yanayotoka.

Kila baada ya miezi michache angalia ndani ya viwiko na pale kola inapokunjika. Nyuzi huanza kukonda hapo kabla ya kuchanika. Ukiona mwanga unapita zaidi kuliko kwingine, fundi apige kipande kidogo cha kitambaa hicho hicho kwa ndani. Ndiyo maana yale mabaki ya mita 2.5 usimwachie fundi.